Bomba la springla limepasuka chini ya nyasi: soma maandishi, usipime kwa tepu

Kosa linalotugharimu wengi wetu huku Marekani kwenye kazi hii ya kurekebisha bomba la springla, yaani la vichwa vya kumwagilia nyasi, si kuchimba wala kupaka gundi. Ni kununua soketi isiyo ya saizi ya bomba, kisha kuilazimisha ikae. Basi tuanze na hilo, na mbele tutalirudia, maana linawanasa hata waliowahi kushika kazi ya bomba nyumbani. Hao ndio linawanasa zaidi.

Nyumbani siku hizi mabomba mengi ya maji ni PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, na PPR huitwa kwa kipenyo chake cha nje: la 20, la 25, la 32. Unaweka tepu, unasoma milimita 25, unamwambia muuzaji akupe soketi ya 25, umemaliza. Bomba jeupe la PVC lililofukiwa chini ya bustani ya Dallas au Houston haliitwi hivyo. Linaloitwa la robo tatu, yaani 3/4 ya inchi, lina milimita 26.7 kwa nje, na hiyo ni zaidi ya inchi nzima. Ukilipima utaona inchi moja na ushee, na moja kwa moja utanunua soketi ya inchi moja. Bomba la inchi moja lenyewe lina milimita 33.4 kwa nje, na la nusu inchi lina 21.3. Mafundi wa enzi za mabomba ya chuma hawashangai, kwa sababu bomba la chuma nalo inchi yake ni jina tu. Aliyeanzia kwenye PPR ndiye anayerudi dukani mara tatu siku ya Jumamosi.

Soketi ikishacheza kwenye bomba, video ya WhatsApp inapigwa Mbagala au Kayole, na shemeji ambaye kweli ni fundi, hatumdharau, anatoa dawa: jaza gundi nyingi, zungushia mpira wa tairi, au pasha bomba moto ulipanue. Shemeji, tafadhali. Gundi ya PVC haizibi nafasi. Inalainisha uso wa plastiki mbili zinazobanana mpaka zinakuwa kitu kimoja; zisipobanana hakuna kinachoungana, hata umwage kopo zima. Mpira wa tairi unashika nyumbani kwa sababu tenki liko mita nne juu ya bomba, na kimo hicho kinatoa msukumo usiofika paundi 6 kwa inchi ya mraba. Maji ya mji huku mara nyingi huja na paundi 50 hadi 80. Na PVC ukiichoma moto inatoa moshi mbaya kwa mapafu, kisha ukuta wa bomba unakuwa mwembamba pale pale unapotaka uwe na nguvu.

Kwa hiyo futa udongo usome maandishi ubavuni mwa bomba. Utaona 3/4 au 1, na pembeni yake SCH 40 au CL 200. Hizo mbili zinatofautiana unene wa ukuta, si upana wa nje, kwa hiyo soketi ni zile zile. Maandishi yakiwa yamefutika, zungusha uzi mara moja kulizunguka bomba kisha unyooshe uzi kwenye rula: milimita 67 ni nusu inchi, 84 ni robo tatu, 105 ni inchi moja. Njia ya uhakika kuliko zote ni kukata kipande kilichopasuka na kwenda nacho dukani mkononi. Ukifika dukani angalia tena, kwa sababu rafu za jirani zina vitu vinavyofanana. Vile vya rangi ya maziwa ni CPVC ya maji moto ya ndani, saizi yake ni nyingine kabisa. Vyeupe vyenye mdomo mfupi ni vya maji machafu, havikutengenezwa kubeba msukumo. Soma maandishi kwenye bomba, soma na kwenye soketi.

Walioko Minneapolis au Columbus watakuta mara nyingi bomba jeusi laini, la polyethylene. Hilo haligundishwi, hakuna gundi ya kawaida inayolishika. Kiungo chake kina meno na kinaingia ndani ya bomba, kwa hiyo kinachotakiwa kulingana ni kipenyo cha ndani. Lainisha ncha kwa maji ya moto, sukuma kiungo mpaka mwisho, kaza kwa klipu za chuma kisichoshika kutu, mbili kila upande kama nafasi ipo.

Kabla ya sepetu, hakikisha bomba limepasuka kweli. Zima maji yote ndani ya nyumba, fungua kisanduku cha mita karibu na barabara, tazama kile kipembetatu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanatoka mahali. Funga koki ya springla, kwa kawaida iko kwenye kile kifaa cha kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la mji. Kipembetatu kikisimama, uvujaji uko upande wa bustani na tena ni kwenye bomba kuu au valvu, kwa sababu hayo hubeba msukumo saa zote. Kikiwa kimesimama tangu mwanzo na bustani inalowa tu zoni fulani, yaani kundi la vichwa vinavyowaka pamoja, ikiwaka, basi ni bomba dogo la zoni hiyo, na hiyo ndiyo kazi rahisi.

Kuna na udanganyifu mmoja: kichwa cha springla kilicho bondeni kinachotiririsha maji kidogo kila zoni inapozimwa, kisha kinaacha. Hapo hakuna kilichopasuka. Ni maji yaliyobaki kwenye bomba yanayoshuka, na dawa yake ni kichwa chenye valvu ya kuzuia ndani yake. Kikitiririsha bila kuacha, kagua kiwambo cha valvu ya zoni kama kimekwama na mchanga. Kwa yote mawili huchimbi mtaro.

Sasa 811. Ni namba ya simu ya kuomba uchorewe mabomba na nyaya zilizofukiwa. Piga namba hiyo, au jaza ombi lao kwenye intaneti, siku kadhaa za kazi kabla ya kuchimba. Ni bure. Watakuja kupaka rangi: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, rangi ya chungwa ni simu na intaneti, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka. Tunajua nyumbani mtaro unachimbwa asubuhi hiyo hiyo na Dawasa au kampuni ya maji ya kaunti inajua baadaye. Huku ukikata waya wa intaneti wa mtaa au ukitoboa gesi bila kupiga 811, bili ni yako, na gesi inaweza isiishie kwenye bili. Karibu na alama, inchi 18 hadi 24 kila upande kutegemea jimbo, chimba kwa mkono taratibu.

Ila usizitegemee rangi kupita kiasi, na hapa ndipo mtego wa pili ulipo. Hawachori kilicho cha kwako. Bomba la springla lenyewe hawachori. Nyaya za volti 24 zinazoamsha valvu, ambazo hulala ubavuni mwa bomba kuu, hawachori. Bomba la gesi la jiko la nje lililowekwa na mwenye nyumba aliyetangulia nalo hawachori. Pasipo na rangi haina maana pako tupu.

Kata nyasi za juu kwa mraba, zinyanyue pamoja na mizizi uziweke kwenye turubai, na udongo uweke kwenye turubai jingine. Wenye HOA, chama cha wenye nyumba cha mtaa, wanaelewa kwa nini. Hii ni jamii inayomwagilia majani yasiyolishwa ng'ombe wala mbuzi, kwa maji ya kunywa, na inakuandikia barua yakigeuka kahawia. Jirani aliyeliona dimbwi wiki mbili hatakugongea mlango akwambie. Kila mji na adabu zake.

Shimo lipite bomba kwa chini inchi nne hadi sita, ili maji yanayobaki yakae chini ya kiungo. Yachote na kopo, malizia na sponji. Ufa wa PVC huenda mbali kuliko unavyoonekana, kwa hiyo kata inchi mbili zaidi kila upande wa ufa. Bomba la zamani limekauka na mkasi wa bomba hulipasua upya. Tumia msumeno wa chuma, kata wima, kisha kwangua makapi ya ndani na nje kwa kisu.

Soketi mbili za kawaida na kipande cha katikati haziingii kirahisi, kwa sababu bomba lililofukiwa halisogei, na ukilipinda kwa nguvu unavunja kiungo kingine futi tatu mbele. Nunua soketi ya kurefuka, yenye bomba dogo linaloteleza ndani ya kubwa na pete za mpira. Gundi inapakwa kwenye midomo yake miwili tu. Ukipaka sehemu inayoteleza umeiharibu.

Jaribu kavu kwanza, weka alama kwa kalamu mahali bomba linapoishia. Paka praima ya zambarau kwenye bomba na ndani ya soketi, kisha gundi pande zote mbili ingali mbichi, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia sekunde 30. Ukiachia mapema soketi inajisukuma nje yenyewe. Tone moja la maji kutoka kwenye bomba linatosha kuharibu kiungo, kwa hiyo kama linadondoka, subiri liishe. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye kopo. Sisi tunaacha saa mbili kukiwa na joto, na usiku mzima kukiwa na baridi au unyevu.

Usifukie bado. Fungua kichwa cha mwisho cha zoni hiyo, achia maji polepole mpaka mchanga wote utoke, kirudishe, kisha iache zoni iwake dakika 15 ukitazama kiungo. Kikiwa kikavu, rudisha udongo usio na mawe, ushindilie kidogo kidogo, laza nyasi, zimwagilie.

Miji mingi hupunguza bili ya mwezi wa uvujaji ukipeleka ushahidi wa matengenezo, kwa hiyo piga picha shimo likiwa wazi na utunze risiti. Kaskazini mwa Texas udongo wa mfinyanzi hujikunja kwa kiangazi na kuvimba kwa mvua, hivyo tarajia kiungo kingine kuachia mwaka ujao. Minnesota na Ohio bomba lisilotolewa maji kwa kompresa kabla ya barafu litapasuka tena. Kipande ulichokata usikitupe. Kiandike kwa kalamu saizi yake ya kweli na hatua ngapi toka ukutani, ukitundike gereji karibu na kontrola inayowasha zoni, ili siku ya pili shemeji asiulizwe.