Uzamili wa afya ya watoto na vijana: anza na umri, chuo baadaye

Wauguzi na maafisa wa kliniki wanaonifuata kazini huniuliza, “Sista, uzamili wa afya ya watoto nikasomee wapi?” Nami huwauliza kwanza: mtoto wa umri gani? Wengi hucheka. Lakini jibu la swali hilo ndilo litakaloamua data utaitoa wapi, nani atakusimamia, na kama utamaliza kwa wakati.

Kuhusu chuo nitasema machache. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, Chuo Kikuu cha Maseno wanafundisha afya ya umma, kile cha Jaramogi Oginga Odinga (JOOUST) kule Bondo pia, na Chuo Kikuu cha Moi wana shule nzima ya fani hiyo Eldoret. Daraja la pili la juu kwenye digrii ya kwanza hukufungulia mlango; mwenye la chini kwa kawaida huulizwa uzoefu wa kazi. Mwenye diploma peke yake atangulize digrii. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa uzamili pia. Cheti chako huenda kikasomeka “afya ya umma” tu, bila kutaja watoto, na hilo lisikusumbue. Utaalamu wa watoto utaujenga kwa kozi za kuchagua na kwa tasnifu. Ndiyo maana mimi humweka msimamizi mbele ya jina la chuo. Kabla hujalipa ada ya maombi, pitia tasnifu za miaka ya karibuni kwenye hazina ya chuo mtandaoni, uone zilizohusu watoto zilisimamiwa na nani. Ukikosa hata moja, piga simu idarani uulize waziwazi.

Turudi kwenye umri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu ubalehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Sheria yetu inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Vituo vyetu vina kisu chao kingine, nacho kinakata kwenye miaka mitano. Angalia rejista za Wizara ya Afya za wagonjwa wa nje: MOH 204A ni ya walio chini ya miaka mitano, 204B ni ya wengine wote. Mwisho wa mwezi hesabu zinaingia kwenye fomu za muhtasari, 705A na 705B, kisha kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Kwa hiyo msichana wa miaka 11 mwenye pumu anatiwa kapu moja na babu yake mwenye shinikizo la damu, na ukishafika kwenye jumla ya mwezi huwezi tena kumtoa humo.

Ukichagua walio chini ya miaka mitano, basi, data iko: kitabu cha kliniki mkononi mwa mama, rejista ya chanjo, KHIS. Ukichagua wa miaka 5 hadi 9, au walio katika ubalehe, jiandae kuketi na 204B uhesabu kwa umri, mstari kwa mstari, au uende shuleni. Mimi ningependa wengi waende huko, maana wa miaka 5 hadi 9 ndio hasa waliosahaulika. Ila ujue unachokichukua.

Swali nalo lipunguze hadi liingie kwenye sentensi moja. “Changamoto za afya ya vijana Kisumu” ni kichwa cha warsha. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchini mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Basi uliza, kati ya wasichana wa Gredi ya 6 katika shule za Nyalenda, wangapi hawajachanjwa na kwa sababu gani? Au chanjo ya malaria, iliyoanza mwaka huohuo huku kando ya ziwa: dozi ya nne hutolewa mtoto akiwa na miezi 24, wakati ambao mama wengi wameshaacha kuja kliniki. Ni nini kinachowarudisha wale wanaorudi? Hayo ni maswali ya kumalizika.

Sasa ruhusa, na hapa ndipo watu hukwama. Kwa kawaida chuo hupitisha pendekezo la utafiti, kamati ya maadili huidhinisha, unaomba mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ndipo unabisha hodi kwenye ofisi za kaunti za afya au elimu, na mwisho kwa mwalimu mkuu au mkuu wa kituo. Panga kurudi nyuma kutoka kalenda ya shule. Muhula wa tatu ni mfupi na umejaa mitihani ya kitaifa. Hakuna mwalimu atakayekupa darasa. Lenga muhula wa pili.

Mtoto hatoi ridhaa peke yake. Mzazi au mlezi anatia sahihi, na mtoto anaulizwa kwa maneno anayoyaelewa kama anakubali. Akikataa, amekataa, hata kama mamake ameshasaini. Lakini huku kwetu mtoto huenda analelewa na nyanya Ahero, baba yuko Nairobi, mama ameolewa kwingine. Andika mapema utamhesabu nani kuwa mlezi, na nyanya asiyesoma atasomewa fomu mbele ya shahidi gani. Kamati itakuuliza tu. Na ukiuliza habari za mapenzi, vipigo au kujidhuru, uwe na mahali pa kumpeleka mtoto: kituo kinachojua anakuja, ofisi ya watoto, simu ya msaada kwa watoto, 116. Nimesoma madodoso yanayoweza kumliza mtoto, na hayana hata mstari mmoja wa afanywe nini baada ya hapo.

Vipimo pia hufuata umri. Utepe wenye rangi wa kupima mzunguko wa mkono ni wa miezi 6 hadi 59: mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, ukining’inia bila kukazwa, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Usiupeleke Gredi ya 6. Huko utapima uzito na urefu, kisha utumie viwango vya WHO vya miaka 5 hadi 19; vile vya watu wazima vitakuonyesha wembamba hata usipokuwepo. Umri uandike kwa tarehe ya kuzaliwa. Mama asipoikumbuka na kitabu kimepotea, muulize kama ilikuwa kabla au baada ya korona, msimu wa kupanda au wa kuvuna.

Mwone mtakwimu kabla ya kwenda shuleni, si baada. Watoto wa darasa moja hula githeri ileile na kunywa maji ya tangi lilelile, hivyo 300 kutoka shule tatu hawana uzito wa 300 waliotoka nyumba 300.

Ukishatetea tasnifu, NACOSTI watataka nakala. Wewe andika pia ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Dholuo, wenye jedwali moja tu, uwapelekee wahamasishaji wa afya ya jamii waliokuonyesha nyumba. Nenda siku ya mkutano wao wa kila mwezi: wote wapo, na hutalipia mtu nauli.