Madumu Mawili na Daftari: Kujenga Misuli ya Mwili Mzima Nyumbani

Vijana wengi wanaopiga tizi mtaani bila kocha huishia na umbo moja: kifua mbele, mabega yamekunjamana kwa ndani, miguu ya korongo. Si wavivu. Wanapiga pushapu mia kila siku, ila pushapu haijengi mgongo wala mapaja. Mwili hujengwa kwa kazi tano: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa, kuinama na kubeba. Ukiruka moja, deni hulipwa baadaye, na mara nyingi anayelilipa ni bega au kiuno.

Vyuma si lazima. Madumu mawili ya lita 20 na mawili ya lita 5 yanatosha kuanzia, tena yana faida moja kubwa: lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo unajua hasa umebeba nini na unaongeza kidogo kidogo. Maji yakishakuwa mepesi kwako, jaza mchanga mkavu. Dumu lile lile litavuka kilo 30. Kagua mpini usiwe na ufa, kaza mfuniko, kisha zungushia mpini kitambaa au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, maana plastiki nyembamba huumiza vidole kabla misuli haijachoka. Dumu lenye maji nusu lina tabia mbaya ya kuyumba na kuvuta mkono pembeni. Kwa kuinama si neno, lakini la kunyanyua juu ya kichwa liwe dogo na limejaa hadi mdomoni.

Ratiba

Siku tatu kwa wiki, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila siku unafanya mwili mzima. Pasha mwili dakika tano kwa kuruka kamba au kutembea haraka, kisha fanya seti moja nyepesi ya kila zoezi (seti ni marudio kadhaa ya mfululizo bila kupumzika). Halafu seti tatu za kazi, marudio 8 hadi 12, ukipumzika dakika mbili kati ya seti. Acha seti unapohisi umebakiwa na marudio mawili safi. Kujikamua hadi kuanguka kila seti kunaonekana ushujaa, lakini kunakuharibia seti zinazofuata.

Kuchuchumaa. Kumbatia dumu lenye lita 10 kifuani, nyayo upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo. Shuka kwa sekunde tatu hadi mapaja yalingane na sakafu. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Yakiingia ndani, punguza maji. Visigino vikinyanyuka, tatizo mara nyingi ni kifundo kilichokaza: vitegemeze kwa ubao wa sentimita mbili. Mzee au anayeanza kabisa akae na kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono.

Kusukuma. Kwenye pushapu, viwiko viwe nyuzi 45 hivi kutoka ubavuni, visitanuke kama mbawa. Kiuno kikibonyea, weka mikono juu ya meza imara kwanza. Ukifika 12 bila shida, pandisha miguu kwenye stuli badala ya kuongeza idadi tu. Kisha nyanyua dumu la lita 5 juu ya kichwa, mkono mmoja mmoja, ukibana matako ili kiuno kisipinde.

Kuvuta. Hapa ndipo wengi wanakwepa, kwa sababu mgongo hauonekani kwenye kioo. Egemeza mkono mmoja kwenye stuli, mgongo ulale bapa, na mkono mwingine uvute dumu kuelekea nyonga, si kifuani. Tulia sekunde moja juu, teremsha taratibu. Ukijikuta unazungusha kiwiliwili ili dumu lipande, ni zito mno. Kama kuna bomba la kuning'inia au tawi imara la mwembe, ongeza kujivuta juu kwa mikono. Usipoweza hata mara moja, panda kwa msaada wa stuli na ujishushe kwa sekunde tano. Mara nne kwa seti zinatosha.

Kuinama. Zoezi hili hujenga matako, misuli ya nyuma ya mapaja na mgongo, na ndilo linalokosewa zaidi:

1. Simama, dumu mikononi mbele ya mapaja, magoti yamelegea kidogo.
2. Sukuma matako nyuma, kama unayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa mizigo. Usiwaze kushuka, waza kurudi nyuma.
3. Dumu lipite karibu kabisa na miguu. Likienda mbele hata kwa shubiri moja, uzito wote unahamia kiunoni.
4. Ishia pale nyuma ya mapaja inapokaza, mara nyingi dumu likiwa chini kidogo ya magoti. Ukilazimisha zaidi, mgongo unajikunja.
5. Rudi kwa kusukuma nyonga mbele, na usijipinde nyuma ukifika juu.

Kubeba. Madumu mawili yaliyojaa, hatua 40, mara tatu, mabega nyuma, bila kuyumba. Siku nyingine beba moja tu na ubadilishe mkono. Mbavu za upande usio na mzigo ndizo zitakazolalamika.

Chakula

Lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 100 kwa siku. Mayai matatu yanatoa 18, vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa kama 30, dagaa wakavu gramu 50 wanavuka 25, glasi mbili za maziwa 16, na konzi mbili za karanga kama 14. Hapo umeshafika bila kopo la unga wa protini wa bei mbaya. Usiukimbie ugali, ndio nguvu ya kunyanyulia. Lala saa saba hadi tisa.

Maumivu ya misuli siku mbili baada ya zoezi ni ya kawaida. Maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo si ya kawaida: acha. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya zoezi zito, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli iliyovunjika inaweza kuumiza figo. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza, na asibane pumzi anaponyanyua.

Daftari

Bila daftari utarudia uzito ule ule miezi sita ukidhani unapanda. Andika zoezi, lita na marudio, basi. Ukifikisha 12 kwenye seti zote tatu, ongeza lita moja kwa mazoezi ya mikono na mbili kwa ya miguu. Ukigota kwa wiki mbili, punguza theluthi moja ya uzito kwa wiki moja kisha rudi. Ukisoma "Kuinama, lita 16: 12, 12, 10", basi Ijumaa unabaki na 16 zako. Siku seti ya mwisho itakapofika 12, ndipo unafungua bomba na kuongeza mbili.