Usingoje mgonjwa aulize habari za figo

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu kwa mashine, kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi. Tulikuwa na mama mmoja mkulima wa mihogo, kiti chake cha dirishani, mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, miaka miwili. Siku moja akaniuliza taratibu: "Mwanangu, yule mwalimu wa kiti cha pili mbona simwoni?" Nikamwambia amepandikizwa figo Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. "Kumbe hata hapa nchini wanafanya?"

Wanafanya. Muhimbili tangu 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma tangu 2018. Mwalimu alijua kwa sababu aliuliza. Mama hakuambiwa na yeyote, mimi nikiwemo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wenzangu wa vitengo vya kusafisha damu, nunueni daftari la kaunta. Kila mgonjwa awe na mstari wake: tarehe aliyoanza, tarehe aliyoelezwa habari za kupandikizwa, nani alimweleza, kundi la damu, tarehe ya rufaa. Asiyepewa rufaa, daktari aandike sababu kwa mkono wake. "Mzee" si sababu. "Hana uwezo" si sababu pia. Huyo apelekwe ustawi wa jamii wiki hiyohiyo, maana nauli na malazi ya watu wawili mjini hayapatikani kwa siku moja. Kila baada ya miezi mitatu mlipitie upya, kwa kuwa kilichomzuia mgonjwa huweza kwisha: kifua kikuu hupona na presha hushuka.

Maelezo yatolewe ndugu wakiwepo, kwa lugha wanayoongea nyumbani. Huku kwetu figo hutolewa na ndugu aliye hai, mtu mzima, mwenye afya. Waambieni mtu huishi vizuri na figo moja, lakini atafuatiliwa maisha yake yote. Mgonjwa wa kundi O kwa kawaida hupokea kwa O mwenzake. Kundi kuwa chanya au hasi hakuzuii. Kisha mchangiaji aitwe peke yake, mlango ufungwe, aulizwe kama ametaka mwenyewe. Dada wengi husukumwa na ukoo na hawathubutu kukataa mbele ya kaka zao.

Na damu: msimwongezee mgonjwa chupa pale ambapo sindano za kuongeza damu na madini ya chuma zingetosha. Kila chupa inaweza kuufundisha mwili wake kuikataa figo ya ndugu yake.

Mtoto wa pili wa yule mama ni kundi O, kama mama yake. Barua yao ya rufaa nilimpelekea daktari mkononi, nikasimama hapo mpaka akasaini.