Pampu ya kuoshea madirisha ikigoma kwenye gari: anzia betri, ishia brashi

Pampu ya gari la kuoshea madirisha ya majengo ikinyamaza kazini, mkono wa kwanza hukimbilia bisibisi ili kuifumua. Usianze hivyo. Mara nyingi pampu yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni kiungo cha waya kilichoota kutu, au mpira wa kunyonyea unaovuta upepo mahali usipopaona. Swali la kwanza la kujibu ni moja: tatizo ni la umeme au la maji? Ukishalijibu, nusu ya kazi imekwisha.

Mfumo tunaouzungumzia ni ule wa kawaida: tangi la lita 250 hadi 500 nyuma ya Hiace au Noah, pampu ya kiwambo (utando wa mpira unaosukuma maji) ya volti 12 inayotoa kama lita 5 kwa dakika na kujikata presha ikifika psi 100 (karibu bar 7), betri ya pembeni (ya pili, isiyo ile ya gari) ya ampea-saa 100, kidhibiti cha mwendo wa pampu, rili (gurudumu la kuzungushia mpira) yenye mita 100 za mpira mwembamba, na mpini mrefu wenye brashi na nozeli. Mwenye kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) asizidishe lita 250. Lita moja ya maji ni kilo moja, na gari ile imeundwa kubeba kilo 350 tu, ambazo ndani yake kuna betri, rili na vyuma vya kufungia tangi.

Jaribio la ndoo

Zima swichi kuu. Chomoa mpira wa kunyonyea kwenye tangi, uchovye kwenye ndoo ya maji safi. Upande wa kutolea, chomoa mpira unaokwenda kwenye rili, weka kipande kifupi kinachomwaga kwenye ndoo nyingine ya lita 10. Kisha ruka kidhibiti: waya wa pampu uende moja kwa moja kwenye betri iliyojaa, ukipitia fyuzi ya ampea 10. Nyekundu chanya, nyeusi hasi.

Pampu nzima ya lita 5 kwa dakika itajaza ndoo hiyo kwa dakika 2 au zaidi kidogo. Ikijaa, kunja mpira wa kutolea uubane sawasawa. Pampu inatakiwa kukata ndani ya sekunde chache na kutulia kimya. Ikifaulu majaribio yote mawili, iache ilivyo. Shida iko kwenye betri, waya, kidhibiti, tangi au mpira. Ikikata halafu ikajiwasha tena kila baada ya sekunde kadhaa, na hakuna tone linalovuja, valvu za ndani zinarudisha maji. Ikizunguka vizuri bila kunyonya, ina upepo au uchafu kwenye valvu. Ikinguruma bila kuzunguka wakati betri imejaa, zima haraka: kuna kitu kimebana ndani, na mota itaungua ukiilazimisha.

Umeme

Pima betri ikiwa imepumzika saa moja au zaidi. Betri ya asidi ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ukishuka chini ya nusu kila siku, unaila betri yako. Betri ya ampea-saa 100 ina ampea-saa 50 za kutumia kwa usalama, na pampu inayokula ampea 5 itakwenda nazo saa 10 hivi. Zinatosha kwa siku nzima, ila sharti zirudishwe. Hapa ndipo wanaofanya kazi mjini wanapokwama: kutoka Mwanjelwa kwenda Forest, Mbeya, au Kihesa kwenda Gangilonga, Iringa, ni safari fupi mno kurudisha umeme uliotumika asubuhi nzima. Chaji kwa umeme wa nyumbani usiku, angalau mara mbili kwa wiki.

Washa injini, upime tena kwenye nguzo za betri ya pembeni. Usomaji unatakiwa upande hadi kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukibaki 12.4, chaji haifiki: angalia fyuzi iliyo karibu na betri ya gari, kisha rilei ya kugawa chaji (swichi ya umeme inayopitisha chaji kwenda betri ya pembeni), kisha waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Huo wa bodi husahaulika sana. Rangi au kutu chini ya nati inatosha kuuzuia umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi.

Kipimo kinachofichua mengi ni hiki: pampu ikiwa inafanya kazi, pima volti kwenye betri, halafu pima kwenye waya za pampu yenyewe. Tofauti isizidi nusu volti. Ikizidi, umeme unapotelea njiani, ama kwa waya mwembamba ama kwa kiungo kibovu. Kwa umbali wa mita 5 kutoka betri hadi pampu, waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza karibu volti 0.8 pampu ikivuta ampea 7, wa 2.5 hupoteza karibu 0.5, wa 4 hupoteza 0.3. Weka wa 4, gharama yake ni ndogo. Baada ya hapo shika kila kiungo kimoja kimoja pampu ikiendelea kufanya kazi: chenye joto ndicho kibovu. Barabara ya Makambako kuelekea Tunduma, kwa malori yake na matuta yake, hulegeza viungo vilivyobanwa kwa plasi tu. Tumia viunganishi vinavyobanwa kwa koleo lake, uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi, wala usiizungushie waya. Imekatika kwa sababu pampu imebana au waya umepiga shoti, na gari lenye waya unaowaka halizimwi kwa maji ya tangi. Mota iliyopata joto sana huweza kujikata na kurudi ikishapoa. Iache nusu saa kabla ya kuihukumu.

Upepo

Mpira wa kunyonyea ukiwa na tundu, mara nyingi haumwagi maji. Unaingiza upepo pampu inapovuta. Dalili zake ni povu kwenye bakuli la chujio lililo kati ya tangi na pampu, sauti kubadilika kuwa nyepesi na ya haraka, na maji yanayotoka kwa kukohoakohoa. Paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo kati ya tangi na pampu: palipo na tundu, povu litanyonywa ndani. Mtuhumiwa wa kwanza ni oringi (pete ya mpira) ya chujio, hasa kama kifuniko kilifungwa na chembe ya mchanga juu yake. Isafishe, ipake grisi ya silikoni kidogo, funga kwa mkono. Grisi ya beringi usiipake, kwa kuwa hulainisha na kuvimbisha aina nyingi za mpira. Klipu za mpira zikazwe upya kila mwezi.

Kwenye nyanda za juu kuna sababu nyingine ambayo mtu wa Dar es Salaam haoni. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni takribani asilimia 82 ya ile ya pwani. Hiyo hewa ndiyo inayosukuma maji kupanda kwenye pampu, kwa hiyo pampu iliyoandikwa kwamba huvuta maji mita 1.8 itafikia karibu mita 1.5 tu, na mpira mrefu au chujio chafu hupunguza zaidi. Dawa ni kuifunga pampu chini, sakafuni, chini ya tundu la kutolea maji la tangi, na mpira wa kunyonyea usizidi mita moja. Maji yakiifuata yenyewe kwa uzito wao, haitashika upepo.

Kutoa upepo ulioingia: jaza tangi angalau nusu, chomoa mpira wa kutolea mdomoni mwa pampu, washa kwa kasi ya juu mpaka maji yatoke mfululizo bila povu, kisha rudisha mpira.

Kama maji huanza vizuri na kufifia baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, umepata jibu. Watu hukaza kifuniko, hata kukiziba kwa mpira, ili maji yasimwagike kwenye mteremko wa Kitonga. Tangi linakosa pa kupumulia, linajikunja, na pampu inashindwa. Toboa tundu la milimita 6 kifunikoni, ulifunike kwa wavu mwembamba wa kuzuia vumbi.

Pampu inashtukashtuka

Inawaka, inazima, inawaka tena. Maana yake pampu inatoa maji mengi kuliko njia iliyopo, presha inapanda, swichi inakata. Kunjua mpira wote, hadi mita ya mwisho. Mkunjo mmoja chini ya rili unatosha. Fungua nozeli, zisukume kwa sindano kutoka upande wa nje. Kiangazi, vumbi jekundu na ukoga wa tangi linalokaa juani hujaza chujio kwa wiki moja.

Kama vyote ni safi, tazama upana wa mpira. Kwa lita 2 kwa dakika, mita 100 za mpira wenye tundu la milimita 6 hula takribani bar 4. Wenye tundu la milimita 8 hula bar 1 tu. Kupandisha maji hadi dirisha la mita 12 kunahitaji bar 1.2 nyingine. Punguza mwendo kwenye kidhibiti, au badilisha mpira.

Unaweza kuiruka swichi ya presha kwa kuunganisha waya zake mbili kwa sekunde chache, kuona kama ndiyo iliyokufa. Usiiache hivyo: ukifunga maji brashini, mpira unaweza kupasuka.

Kidhibiti kinachokata na kudai njia imeziba wakati haijaziba, hudanganywa na betri dhaifu, upepo, au mpira uliokakamaa kwa baridi. Maliza hayo kwanza, ndipo upunguze wepesi wake wa kukata, hatua moja moja.

Kufungua pampu

Maji yakichuruzika kati ya kichwa cha pampu na mota, kiwambo kimechanika. Fungua skrubu za kichwa kwa mpangilio wa msalaba, piga picha kila hatua, osha valvu kwa maji safi. Punje moja ya mchanga chini ya valvu inatosha kuua unyonyaji. Kiwambo chenye ufa kibadilishwe, gundi haishiki.

Baridi ya Juni hadi Agosti

Njombe, Makete na Kitulo hupata sakitu. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na hupasua kichwa cha pampu, bakuli la chujio na kiungo kinachozunguka cha rili. Jioni chomoa mpira wa kunyonyea, washa pampu sekunde 30 itoe maji yaliyobaki, fungua bakuli la chujio na uache mdomo wa mpira wazi. Asubuhi, kama ilisahaulika, usiwashe. Funika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu mbali na waya, kamwe si ya kuchemka, na usubiri. Ikishayeyuka, kagua nyufa kabla ya kugusa swichi.