Kusafisha mtutu wa gobore: maji kwanza, mafuta mwisho

Gobore langu la kwanza nililiharibu kwa mafuta. Nilifyatua mara tano asubuhi, nikarudi nimechoka, nikapitisha kitambaa chenye mafuta mtutuni mara mbili tatu, nikaliegemeza ukutani. Siku nne baadaye kitambaa kilitoka na rangi ya kutu, na vishimo vilivyochimbwa na kutu ile viko hadi leo.

Baruti nyeusi huchanganywa kwa shura (chumvi ya nitrati), karibu asilimia 75, makaa ya mti asilimia 15 na kiberiti, yaani salfa, asilimia 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hutoka kama ule moshi mzito mweupe, na unaobaki huganda ndani ya mtutu. Uchafu huo una chumvi nyingi inayonywa unyevu wa hewa, nayo huanza kula chuma siku hiyohiyo. Mafuta ya mashine hayaiyeyushi chumvi hiyo. Huifunika tu, yakachanganyika na masizi kuwa utando kama lami. Kinachoiyeyusha ni maji. Kama unatumia baruti mbadala yenye perkloreti, harakisha zaidi, maana mabaki yake yana kloridi, na kloridi ni adui mkubwa wa chuma.

Hatua ya 1: Hakikisha gobore ni tupu

Toa fataki, au jiwe kama ni gumegume, lile linalowashwa kwa cheche za jiwe. Tumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hadi ukome, utie alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Uchomoe, kisha uulaze ubavuni mwa mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya mdeki inapaswa kufika usawa wa tundu la moto, yaani kitobo cha nyuma kinachopitisha moto hadi kwenye baruti. Ikiishia upana wa vidole viwili kabla ya hapo, hesabu kwamba ndani kuna baruti na risasi. Usichungulie mdomoni wala usigongegonge. Lielekeze mahali salama, lowesha baruti kwa maji, na kama hujawahi kuvuta risasi kwa skrubu yake, mpelekee fundi wa bunduki.

Hatua ya 2: Tenga mtutu na mti

Mtutu ulioshikwa kwa kabari hutoka kwa urahisi. Ulioshikwa kwa pini nyembamba uache mahali pake, kwa sababu kila unapozigonga pini hizo mti hulegea na kupasuka. Huo uoshe ukiwa umefungwa: ondoa mtambo wa kufyatulia, ziba tundu la moto kwa kijiti laini, na ufunge kitambaa pale chuma kinapokutana na mti ili maji yasipenye.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni yanatosha. Wako wanaosisitiza maji ya kuchemka, wakisema chuma cha moto hukauka chenyewe. Nimeyajaribu, na mara nyingi mtutu ulivaa utando mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa kabla sijafika kwenye mafuta. Nimeacha.

Kama umeutenga mtutu na mti, usimamishe ndani ya ndoo, nyuma ikiwa chini na tundu la moto limezama. Kwa mtambo wa fataki, fungua kwanza chuchu ya kuvalishia fataki na uiloweke kando. Funga kitambaa kwenye ncha ya fimbo ya kusafishia, kikaze vizuri, kisha panda na kushuka polepole. Ukivuta juu, maji huingia kupitia tunduni; ukisukuma chini, hutoka meusi, yakinuka kama yai viza. Harufu hiyo ni salfa inayoondoka. Badilisha maji hadi yatoke meupe.

Faida ya mtutu usio na mifereji ndani ni kwamba unaweza kutumia bonge la nyuzi za kitani badala ya kitambaa, nalo linagusa pande zote. Hasara yake ni kwamba kokwa za risasi huacha mistari ya kijivu, na vizibo vya plastiki vinavyotenganisha baruti na risasi huyeyuka na kubaki kama ganda. Hapo tumia brashi ya shaba nyeusi, ukizungusha fimbo upande wa kukaza skrubu. Ukizungusha kinyume, brashi itabaki ndani.

Hatua ya 4: Chini kabisa

Hapa ndipo magobore mengi hufa. Kitambaa cha mviringo husugua kuta, lakini uso wa kizibo cha nyuma na pembe zake hakivigusi. Mitutu mingine ina kichumba chembamba cha baruti huko chini, na fimbo ya kawaida haiingii kabisa. Tafuta fimbo nyembamba, izungushie nyuzi zilizolowa, ifikishe mwisho na uisokote hapohapo mara ishirini. Kisha pitisha unyoya wa ndege kwenye tundu la moto. Waya mgumu hulipanua tundu, usiutumie.

Hatua ya 5: Kausha, kisha paka

Vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, hadi kimoja kitoke kama kilivyoingia. Mimi hutumia sita au saba. Sasa ndipo mafuta yapakwe, tabaka jembamba tu. Lihifadhi gobore mdomo ukitazama chini, ili mafuta yasishuke nyuma yakalainisha mti karibu na mtambo.

Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudi kwenye maji.

Na siku utakayolitoa tena kwa matumizi, futa mafuta yote na upitishe unyoya tunduni kabla ya kumimina baruti. Baruti iliyolowa mafuta haishiki moto, na utabaki na gobore lililoshindiliwa lisilofyatuka.