SOMO: Kuomba skolashipu ya EPOS, ya masters Ujerumani inayolipwa na DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi), kwa watu wa uongozi wa afya (soma kabla ya kuja inbox)

Wakuu, kila wiki ni lilelile, "nina BHSM (digrii ya uongozi wa mifumo ya afya) ya Mzumbe naombaje masters Ujerumani", nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka hapa mara moja.

Hatua 1. Uwe na digrii, uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2, na kwa kawaida isizidi miaka 6 tangu uipate hiyo digrii.

Hatua 2. Chagua kozi kwenye orodha ya EPOS ya mwaka husika. Watu wa afya wengi tunakimbilia kozi za International Health (afya ya kimataifa). Kila kozi ina dedilaini yake.

Hatua 3. Maombi yanaenda moja kwa moja kwa chuo chenye kozi, SIO kwa DAAD.

Hatua 4. Sivii (CV) ya Europass, yaani fomu ya sivii ya Ulaya, weka sahihi kwa kalamu, skani.

Hatua 5. Barua za mwajiri. Hapa ndo niliangukia raundi ya kwanza so someni taratibu. Ninazosemea hapa ni MBILI. Moja inathibitisha uzoefu: cheo, tarehe ya kuanza, majukumu. Nyingine ni ya mwajiri kusema atakupokea ukirudi, hii wanaitaka kama inawezekana ila ukiwa nayo unasimama vizuri. Mimi nilipeleka ile ya mistari mitatu, "aliyetajwa hapo juu ni mtumishi wetu", tarehe ya kuanza hakuna, kwa hiyo uzoefu wote ukakosa ushahidi. Usimwachie afisa utumishi aandike anavyojua, mpelekee rasimu kwenye flashi, yeye aweke letahedi, sahihi na muhuri. Walio halmashauri mnajua, barua inaanzia kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya) inapanda kwa mkurugenzi inarudi utumishi, mmoja akienda semina Dodoma faili linalala. Ianze hii kabla hata ya sivii. Ikitoka kwa Kiswahili peleka BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) watafsiri. Na usijigongee muhuri, wakipiga simu ofisini umekwisha.

Hatua 6. Barua ya motisha, mwisho kurasa 2, iguse kazi unayofanya SASA. "Napenda kusaidia jamii" kila mtu anapenda. Sema stoo yako dawa ya presha inaisha kabla oda haijafika kwa sababu leja haijazwi, na kozi itakusaidia nini hapo.

MASWALI

Kijana_HSM: Mkuu naomba link ya DAAD nitume maombi
– Hatua ya 3.

Kijana_HSM: Sasa si unisaidie tu?
– Nimeshakusaidia, nimeandika. Rudi usome.

Nesi wa Sumbawanga: Kaka shikamoo, asante kwa somo. Mimi nilijitolea kituo cha afya kabla ya ajira, muda ule unahesabika? Na nina mtoto mdogo.
– Marahaba dada, swali zuri. Kwa EPOS, waulize watu wa kozi kabla hujatuma, usikisie. Ila skolashipu ya Chevening ya Uingereza kujitolea wanakubali, wao wanataka masaa 2,800, yaani masaa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, miaka 2. Kaa na kalamu ujumlishe, unaweza kukuta umevuka. Jua tu ukimaliza Chevening lazima urudi nyumbani ukae miaka 2. Kuhusu mtoto, DAAD kuna posho ya familia kwa masharti, ulizia mapema. Nitumie barua yako ya motisha niipitie.

Mdau Mombasa: Na ile hela ya kufungia benki kwa ajili ya viza ya Ujerumani?
– Ukishapata skolashipu, barua yao ndo ushahidi wako wa hela.

Mdau Mombasa: Wenye uzoefu wa miaka 3 wacheki pia skolashipu ya pamoja ya Japan na World Bank.
– Kweli, niliisahau hiyo.

Nesi wa Sumbawanga: Cheti changu kina majina mawili, pasipoti ina matatu.
– Nenda kwa wakili uandikishe kiapo cha majina wiki hii hii, kiskani pamoja na vyeti.