Jinsi ya kupanga makombe ya konokono wa baharini, ukiwa Kisumu na bahari iko mbali

Mwaka juzi shule moja ya upili hapa Kisumu iliniita nikatazame katoni iliyoachwa na mzee marehemu, baharia aliyefanya kazi kwenye meli za mizigo kati ya Mombasa na Ushelisheli. Watoto wake waliona heri ikae shuleni kuliko iliwe na mchwa nyumbani. Ndani mlikuwa na makombe zaidi ya mia moja, kila fungu limeviringishwa kwa gazeti.

Kazi yangu ni konokono wa ziwani. Kwa miaka mingi nimewachota kwa wavu kwenye fukwe za Dunga na Usoma, nikiwatenga wanaobeba kichocho na wasiokibeba. Wa baharini nilikuwa nimewaona vitabuni tu. Nilipomaliza katoni ile nilikuwa nimeona kwamba jicho lililozoea ziwa linafaa baharini pia, mradi lifuate utaratibu. Utaratibu huo ndio ninaouandika hapa, kwa mwalimu, mwanafunzi, au yeyote aliyerithi makombe asijue aanzie wapi.

Tafuta vitu hivi: rula (kalipa, kifaa cha kubana na kupima, ukiipata ni bora zaidi), lenzi ya mkono, mswaki mkuukuu, karai, penseli, karatasi, mifuko midogo ya plastiki yenye zipu, na simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kuosha

Hapa ndipo nilipokosea, na naeleza ili usirudie. Siku ya kwanza wanafunzi walikuwa na hamu kubwa. Tukafungua mafungu matatu kwa mpigo, tukayamimina kwenye karai moja, tukaanza kusugua. Baadaye mvulana mmoja aliyekuwa akikunja magazeti akaniuliza, "Mwalimu, Cosmoledo ni nini?" Mzee alikuwa ameandika kwa penseli pembeni mwa gazeti: moja Praslin, moja Cosmoledo, la tatu tarakimu tu. Tulikuwa tumeshachanganya makombe 22, na hakuna wa kutuambia lipi lilitoka wapi.

Ushelisheli ni visiwa 115. Mahé, Praslin na La Digue ni vya mawe ya graniti, ilhali Aldabra, Cosmoledo na Astove ni vya matumbawe, na Aldabra iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé. Konokono anayeganda kwenye mwamba wa graniti na yule anayejificha kwenye matumbawe wanaishi maisha tofauti kabisa. Makombe yale 22 yangali kabatini, yanapendeza macho, lakini mtafiti hawezi kuyafanyia lolote.

Kwa hiyo, fungua fungu moja kwa wakati. Lipige picha likiwa bado na karatasi yake, lipe namba, kisha andika kwa penseli mahali, tarehe na aliyeokota, hata kama unachojua ni nusu. Penseli nasisitiza, kwa kuwa wino wa kalamu hutawanyika kwenye maji na kufutika kwenye spiriti. Gazeti lenyewe usilitupe. Moja la mzee lilikuwa la mwaka 1974, na hilo likatuambia kwamba fungu lile halikufungwa kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Safisha kwa upole

Maji ya kawaida na mswaki vinatosha. Siki, ndimu na asidi ya kusafishia choo ni marufuku: kombe limeumbwa kwa kalsiamu kaboneti, na asidi huila. Utaona likimeta kwa muda, kumbe mistari midogo uliyohitaji kwa kutambua imeshayeyuka. Kausha kivulini.

Ukikuta unga mweupe kama chumvi juu ya kombe la zamani, huo si ukungu. Mwingereza aitwaye Byne aliueleza mwaka 1899, akidhani ni kazi ya bakteria. Leo inajulikana kwamba mvuke wa asidi kutoka kwenye mbao na kadibodi hushambulia kombe polepole, hasa penye unyevu. Hewa ya Kisumu ina unyevu mwingi, na katoni ya mzee ilikuwa imekaa sakafuni. Yaoshe yaliyoathirika kwa maji safi, yakauke kabisa, na usiyarudishe kwenye kadibodi.

Hatua ya 3: Hakikisha ni konokono

Si kila kilichojiviringisha ni konokono. Vipande viwili vinavyofungana kama kitabu ni jamii ya chaza na kome, viweke kando. Kitu mfano wa pembe ndogo ya ndovu, kiko wazi pande zote mbili, ni kundi la Scaphopoda. Vibamba vinane vilivyopangana mgongoni ni vya Polyplacophora. Mtego mkubwa ni Spirula: koili ndogo nyeupe, nyepesi kama karatasi, ambayo kila mwanafunzi aliiweka na konokono. Itazame mdomoni kwa lenzi, utaona imegawanywa vyumba vyumba kwa kuta. Ni kombe la ndani la jamaa wa ngisi anayeishi kilindini, na akifa huelea hadi ufukweni.

Hatua ya 4: Lishike linavyotakiwa

Ncha juu, mdomo (tundu analotokea konokono) ukikutazama wewe. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, konokono huyo ni wa kulia. Ukiwa kushoto, ni wa kushoto. Karibu wote wa baharini ni wa kulia.

Huku kwetu jambo hili si la kujifurahisha. Ziwani, Bulinus anayebeba kichocho cha mkojo ana mdomo kushoto, na Biomphalaria anayebeba kichocho cha tumbo ni bapa kama koili ya kufukuzia mbu. Kwa hiyo ukifundisha watoto wa Kisumu kushika kombe hivi, umewapa ujuzi wa bahari na wa ziwa kwa mara moja.

Tahadhari: usipige picha kwa kamera ya mbele. Simu nyingi hugeuza picha hiyo kama kioo. Mwanafunzi mmoja aliniletea picha ya konokono aina ya koni, wa kushoto, nikasisimka kweli, maana ni nadra mno. Tulipolitoa kombe lenyewe kwenye mfuko, mdomo ulikuwa kulia.

Hatua ya 5: Soma mdomo, rangi baadaye

Rangi hupauka kwa jua na kusagwa na mchanga. Mdomo hudumu. Nilipoacha kuangalia rangi kwanza, nusu ya katoni ilijipanga yenyewe katika familia.

Mdomo ukiwa ufa mwembamba wenye meno pande zote mbili, na mgongo ukiwa laini unaong'aa bila ncha kuonekana, hiyo ni kauri, familia ya Cypraeidae. Mng'ao huo hautokani na kusuguliwa. Kauri akiwa hai hulifunika kombe lake kwa nyama yake, ndiyo maana halichakai. Ila kauri mchanga hukudanganya: kombe lake ni jembamba, mdomo mpana, meno hayajaota. Mimi niliwaweka wanne kwenye familia isiyo yao kabla ya kushtuka.

Ufa mwembamba ulionyooka usio na meno, kombe likiwa na umbo la koni ya aiskrimu, ni Conidae. Kombe tupu halina madhara. Akiwa hai ni jambo jingine: ana jino kama mkuki lenye sumu, na Conus geographus, anayeishi katika bahari hiyo ya Ushelisheli na pwani yetu pia, ameua watu. Dawa ya kuizima sumu yake haipo. Mwanafunzi akienda Mombasa au Malindi mwambie waziwazi: koni hai haishikwi, wala haitiwi mfukoni.

Mdomo wa nusu mwezi, na upande mmoja una kibaraza bapa chenye vijino, ni Neritidae. Mdomo wa duara na ndani unang'aa kama lulu: huyo ni Turbinidae au jamaa zake wa Trochidae, na kinachowatenganisha ni kifuniko, kibamba anachofungia mdomo. Cha Turbo ni kizito kama kokoto, cha Trochidae ni chembamba kama ukucha. Kwa bahati mbaya vifuniko hupotea, lakini mzee alikuwa amevihifadhi vitano kwenye kiberiti, Mungu amrehemu.

Ukingo wa nje wa mdomo ukiwa na mkato kama wa meno ya panya karibu na sehemu ya chini, fikiria Strombidae. Konokono huyo hutoa jicho lake la kulia kupitia mkato huo. Lambis lambis yumo humu, naye hajifichi, kwa sababu ukingo wake una vidole virefu vilivyopinda.

Marefu membamba kama sindano yanachosha, na hapo ndipo ziwa lilipoingia katoni. Kwenye mfuko wa Cerithium, jenasi mojawapo ya hao wa baharini, nilikuta kombe moja jembamba la kahawia. Lile la baharini lina mfereji mfupi uliopinda chini ya mdomo. Hili halikuwa nao, ukingo wa mdomo wake ulikuwa mzima bila mkato. Alikuwa Melanoides tuberculata, amejaa tele kwenye matope ya ziwa letu, na bila shaka alidondoka kutoka mfuko wa mwanafunzi. Namba kwenye kila kombe zingemfichua mapema.

Hatua ya 6: Kutoka familia hadi spishi

Nitatumia mfano mmoja tu, kauri wadogo wawili: Monetaria moneta na Monetaria annulus. Vitabu husema annulus ana pete ya rangi ya dhahabu mgongoni. Ni kweli, lakini moneta naye mara nyingi huwa na pete hafifu, na kwa kombe lililosagwa pete zote hutoweka.

Siku ya wazazi, bibi wa mwanafunzi mmoja alikaa kwenye meza yetu, akachukua kauri 17 nilizokuwa nimeshindwa kuziamua. Hakuwa na miwani. Alipitisha kidole gumba mgongoni mwa kila moja.

"Hizi ni gagi (kauri, kwa Kijaluo)," akasema. "Nyathina (mwanangu), zenye mabega weka huku. Za mviringo huku."

"Dani (bibi), umejuaje?" nikamuuliza.

"Utotoni nilikuwa nikimwona ajuoga (mganga) akizirusha. Zenye mabega hazibingiriki."

Alikuwa amezigawa sawasawa. Moneta ana nundu ubavuni, umbo lake lina pembe. Annulus ni yai laini. Kuanzia siku hiyo nafundisha kidole kabla ya jicho. Kauri hizi zilifika bara kwa biashara kutoka Bahari ya Hindi, na Waganda hadi leo huita pesa ensimbi, jina la kauri. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walisafirisha annulus kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi kwa wingi hadi thamani ya pesa hiyo ikaporomoka.

Ukishapata jina, liandike kikamilifu. Utaona Monetaria moneta (Linnaeus, 1758) lakini Cypraea tigris Linnaeus, 1758, bila mabano. Mabano yana maana: Linnaeus, mtaalamu aliyetoa majina hayo mwaka 1758, alimwita wa kwanza Cypraea moneta, kisha wengine wakamhamishia jenasi nyingine. Wa pili, ambaye watu wa pwani humwita dondo, amebaki alipowekwa. Usiongeze mabano kwa mapambo. Jina linalokubalika leo lithibitishe kwenye MolluscaBase au WoRMS, orodha za majina ya viumbe zilizoko mtandaoni, ni bure, kwa sababu vitabu vya zamani vimejaa majina yaliyobadilishwa.

Hatua ya 7: Uliza kama anaishi huko

Fungua ramani za GBIF, tovuti inayoonyesha kila kiumbe kimeonekana wapi duniani. Konokono wako akionekana Karibi pekee, ama umekosea jina, ama kombe lilinunuliwa dukani. Maduka ya mapambo huchanganya makombe ya bahari zote. Katika katoni yetu lilikuwamo kombe kubwa la waridi, Aliger gigas, ambaye ni wa Karibi. Tuliliandikia "asili: biashara" na kuliweka kando.

Papo hapo kagua sheria. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, unahusu makombe ya Tridacna (chaza wakubwa), nautilasi, na huyo huyo Aliger gigas. Kuyavusha mpaka bila kibali kunaweza kuwa kosa. Nami siungi mkono kuokota walio hai kwa ajili ya kabati la shule; tupu zinatosha kufundishia.

Hatua ya 8: Kadi na hifadhi

Kila kombe na mfuko wake, kadi ndani: namba, jina, mahali, tarehe, urefu kwa milimita, aliyetambua na siku aliyotambua. Usipofika kwenye spishi, simama kwenye jenasi, andika Conus sp. na uliache hapo. Ukidhani unajua lakini huna hakika, weka cf. kabla ya jina la spishi. Kadi isemayo Conus sp. inaweza kurekebishwa na mtu mwenye ujuzi zaidi, lakini jina la kubahatisha litanakiliwa kwenye daftari hadi daftari.

Kwa zile zilizokushinda, piga picha nne kwa kamera ya nyuma, rula pembeni: mdomo, mgongo, ubavu, na ncha kutoka juu. Mwanga wa dirishani asubuhi ni mzuri kuliko flashi, ambayo hufuta mistari ya kombe linalong'aa. Namba 37 ya kwetu, koni mdogo wa rangi ya chai kutoka fungu la Praslin, bado ni Conus sp. Picha zake nne ziko tayari, na gazeti lake limekunjwa ndani ya mfuko wa pili.